Muulize Anti: Baba alikuwa mlimani, sisi tulikuwa nyumbani

Siku hizi barua nyingi zinazoingia ni za watu wanaotaka kuandika habari za wazazi wao waliotangulia, nadhani ni vile mwisho wa mwaka unakaribia na watu wanajipanga kwenda makwao kujengea makaburi na kufanya ibada za kumbukumbu. Nimechukua tatu. Zote ni za wababa waliotafuta riziki nje nje, porini, baharini, mlimani, na zote watoto wamekwama sehemu ileile.

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni mtoto wa tatu kwenye familia ya watoto 5, kwetu ni Marangu ila naishi Dar. Baba alifariki mwaka jana, alikuwa anaongoza wageni Mlima Kilimanjaro karibu maisha yake yote. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa kawaida tu, kazaliwa, kabatizwa, kasoma mpaka la saba, kafunga ndoa, kaacha mjane, watoto 5 na wajukuu 11, basi. Wenzake wa mlimani walikuja wengi sana mpaka wakakaa kwenye migomba, hakuna aliyepewa nafasi ya kusema. Sasa Desemba tunaweka msalaba wa kudumu na kuna ibada, familia imenipa mimi kazi ya kuandika kumbukumbu yake kwa sababu eti ndo nimesoma. Kaka mkubwa anataka niandike baba alikuwa mtu wa familia sana na amefika kileleni mara 600. Dada anayemfuata anasema tusidanganye kanisani, Krismasi zote baba alikuwa mlimani, kipaimara chake alikuja mama peke yake. Mama anasema andikeni mnachotaka. Grupu la wosap la familia limekuwa uwanja wa vita. Niandike nini? (Mtoto wa Mzee, Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Na kwa taarifa yako mama yako ameshakujibu, ile "andikeni mnachotaka" ya mama wa Kichaga maana yake ana la kwake na anasubiri mtu aende akae naye jikoni amuulize vizuri, siyo kwenye grupu.

Tuanze na huu ugomvi wa kaka na dada, kwa sababu mimi naona wote wawili wanasema kitu kilekile. Mlima una kalenda yake na hiyo kalenda ndiyo iliyoendesha nyumba yenu mkijua au msijue. Mvua za masika zikishika, mwishoni mwa Machi mpaka Mei huko, wageni wanapungua sana, njia inakuwa tope tupu, na waongozaji wengi wanakuwa nyumbani. Wageni wanarudi Juni, wanajaa mpaka Oktoba, mvua za vuli zinawapunguza kidogo, halafu wanafurika tena Desemba, Januari na Februari. Sasa angalia Desemba ilivyo kwa Mchaga. Mabasi yote yanaelekea Moshi, waliopo Dar, Mwanza, Arusha, wote wanarudi kihambani, mbuzi anachinjwa, kisusio kinachemka, mbege ipo, watoto wanaona baba zao waliopotea mwaka mzima. Na baba yenu siku hiyohiyo ndo anafunga buti anakwenda geti, kwa sababu kuna watu wametoka Ujerumani na Marekani wamelipia kuona jua la mwaka mpya likichomoza wakiwa kileleni Uhuru, mita 5,895 juu. Yaani baba za wenzenu wanarudi, wa kwenu anaondoka. Mtoto wa miaka kumi atasahauje hicho kitu?

Lakini shule zinafunguliwa Januari. Nenda kamuulize mama ada ya Januari ya watoto watano ilikuwa inatoka wapi. Mimi sikuwa kwenu ila naweza kukisia, ni ile tipu ya wageni wa mwaka mpya, zile dola zinazopokelewa safari ikiisha, zinabadilishwa mjini, zinakuwa sare na madaftari. Kama ndivyo, basi andika. Andika kwamba Krismasi nyingi hakuwepo, andika wazi kabisa wala usiizungushe, na sentensi inayofuata andika ada ililipwa. Usiweke maneno ya kuunganisha hapo katikati, usiseme "hata hivyo" wala "pamoja na hayo", ziache zikae pamoja, watu wa Marangu wataelewa wenyewe maana nusu ya watakaokaa kwenye zile benchi wana baba, mjomba au mume wa namna hiyo.

Halafu mtafuteni kwenye masika. Huyu mzee watoto wake walimjua mvua ikinyesha, ndo maana nakuambia usianze na mlima, anza na Aprili. Alikuwa anafanya nini? Alikuwa anapalilia kahawa? Anakatia ng'ombe majani? Anakwenda kulima mahindi shamba la tambarare? Alikuwa anapika? Hilo la kupika usilidharau, wengi waliokwea vyeo mlimani walianzia kwenye upagazi, wengine wakapitia upishi, na nimewahi kusikia watoto wakisimulia supu ya baba yao ya tangawizi na karoti kumbe ni supu ya mlimani ileile ya wageni. Kila mtoto kati yenu aandike kitu kimoja cha masika alichokiona kwa macho yake. Dada mwenye kipaimara naye aandike, na akisema hana, msimlazimishe, la kipaimara tayari ni lake na linatosha.

Sasa hiyo 600. Kaka yako simlaumu, mtoto akimpenda baba yake anataka namba kubwa. Shida ya namba kubwa ni kwamba ikishasomwa watu wanaacha kumsikiliza marehemu wanaanza kupiga hesabu. Mfano upo hapohapo kwenu. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesemwa kuwa ndiye aliyemwongoza Hans Meyer, yule Mjerumani anayetajwa kuwa wa kwanza kufika kileleni, mwaka 1889, alifariki 1996, sasa ukipiga hesabu umri unapita miaka 120 na ushee, na mpaka leo watu wakikutana kwenye mbege wanabishania umri wake na kama kweli alikuwepo 1889. Wakimaliza kubishana wameshasahau kwamba mtu mwenyewe aliongoza watu mlimani miaka na miaka, kitu ambacho hakuna anayekikataa. Ndo sitaki na la baba yenu liishie hivyo.

Badala ya 600 tafuta mwaka aliouanza. Leseni yake ya hifadhi ina tarehe, itafuteni kwenye makaratasi yake. Kama alianza kabla ya 1977, mwaka ambao hifadhi ilifunguliwa rasmi kwa wageni, basi yawezekana alianzia kwenye zile hoteli mbili za zamani za Marangu zilizokuwa zinapandisha wageni, na wazee wa rika lake wanaweza kuwa bado wapo, waulizeni haraka. Wakikwambia walilala "Bismarck" au "Peters" usishangae, ndiyo majina ya zamani ya Mandara na Horombo, vile vibanda vya kulala wageni njiani. Mwaka wa kuanza na mwaka wa kuacha vinatosha. Mwenye akili atajaza katikati mwenyewe.

Ila kama mnataka kweli kumsifia mtu wa mlima, msihesabu aliowafikisha, ulizeni aliowashusha. Hapa nitakaa kidogo. Ule usiku wa mwisho watu wanatoka Kibo, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, saa sita usiku, mita 4,700 na kitu, baridi ya kuganda maji kwenye chupa, na kule juu kuna watu mwili unakataa. Kinaanza kichwa, kinafuata kutapika, mtu anaanza kuyumba kama mlevi na kuongea vitu havieleweki, au anakohoa kikohozi chenye maji maji kifuani. Hapo dawa ya kweli ni kushuka, basi, na mwenyewe hataki kushuka. Amelipa maelfu ya dola, ameaga kazini, ameahidi watu picha. Anayemwambia "wewe unarudi" ni baba yenu, anayejua vizuri kwamba mgeni akishushwa na hasira tipu inaweza kuwa ndogo au isiwepo kabisa, na ada inasubiri nyumbani. Kuna kile kitanda cha tairi moja kinachoteremshwa kwa kukimbia kutoka Kibo mpaka Horombo, watu wanakishika pande zote, giza, mawe. Waulizeni wale wenzake waliokaa kwenye migomba siku ya msiba: mzee aliwahi kumshusha nani, ilikuwaje, alisema nini. Wanazo hizo stori. Ndizo walizokuja nazo siku ile na hakuna aliyewapa maiki.

Kwa hiyo safari hii mwambieni emsii mapema, wenzake wa mlimani wapewe dakika kumi, wachague wawili, mmoja awe aliyekuwa mpagazi wake siyo mwongozaji mwenzake. Wale vijana wanaojiita wagumu ndio wanaojua bosi alikuwa mtu wa namna gani, kama alikuwa anahakikisha mzigo hauzidi zile kilo 20, kama alikula nao, kama tipu aliigawa mbele ya watu au aliitia mfukoni kwanza. (Na kama alikuwa anaitia mfukoni, ndugu yangu, utaona tu jinsi watakavyosema kwa adabu na ufupi.)

Kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii. Mgeni akifika juu anapewa cheti, aliyeishia Gilman's, pale ukingoni kabla ya kilele, cha kwake, wa Uhuru cha kwake, na kwenye kile cheti kuna jina na sahihi ya mwongozaji. Baba yenu aliyesoma mpaka la saba, sahihi yake imetundikwa kwenye kuta za nyumba za watu Ulaya na Amerika na Japani. Hapo nyumbani kwenu ipo wapi? Pengine kwenye hati ya kihamba na kitabu cha benki. Kama kuna mgeni aliyekuwa anaandikiana naye, na wazee wengi wanazo zile barua na picha kwenye sanduku, mwandikieni aombwe picha ya cheti chake, muitundike siku ya ibada. Mimi ningeipendelea hiyo kuliko bango la picha kubwa la plastiki lenye mawaridi pembeni ambalo kila msiba lipo.

Urefu: ukurasa mmoja na nusu, usizidi, maana mchungaji naye ana mahubiri yake na ng'ombe anasubiri. Asome mjukuu. Na "mtu wa familia" wala usiiandike, kaka atanuna siku mbili, lakini ukishasoma Aprili, Desemba, ada na yule mgeni aliyeshushwa usiku, nani atakuuliza tena? Kuhusu grupu, dada yako aende kwa kaka yako na jani la isale, lile la kuombea msamaha, au kaka aende kwa dada, mimi sijali nani anaanza, huko kwenu mnajua likishaletwa hilo jani mtu hana ujanja.

SWALI: Asalaam aleykum Anti. Babu yetu alikuwa mvuvi hapa Pangani, ametufariki mwezi wa sita. Alilea wajukuu karibu wote kwa ngalawa yake. Sisi Waislamu hatuna mambo ya kusoma wasifu makaburini na ustadhi wetu hapendi mambo mengi, lakini wajukuu wengine wapo Dar na wengine Muscat wanasema babu asipotee hivihivi. Tufanyeje bila kuvunja taratibu? (Mjukuu, Pangani)

JIBU: Waaleykumsalaam, Mungu amrehemu babu. Wala usigombane na ustadhi, hana kosa. Khitma isomwe, dua ipigwe, sadaka itolewe, hiyo ni haki yake babu na haihitaji nyongeza. Hayo mengine fanyeni siku nyingine kabisa, barazani, na kahawa, kama watu wanaopiga stori.

Na nikwambie cha kukusanya, msikusanye sifa, kusanyeni alichokijua. Mvuvi wa ngalawa anabeba kichwani vitu ambavyo havijaandikwa popote: kusi ikianza anahamia wapi, kaskazi anavua nini, bamvua, maji yakiwa makubwa, anatoka saa ngapi na maji mafu, yakiwa madogo, anafanya nini, dema lake la kunasia samaki analitega mwamba upi. Huo mwamba anaujua kwa kuangalia bara, mnazi ule ukikaa sawa na kile kilima basi upo juu yake, na huenda kuna mjukuu mmoja au baharia wake wa zamani ambaye alifundishwa hizo alama. Mtafuteni huyo kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Mpandisheni chomboni, mwende mpaka pale, arekodiwe akionyesha. Simu inatosha, ila msiziache hizo sauti kwenye wosap, simu ikianguka majini imekwenda na babu mara ya pili, ziwekeni sehemu mbili tatu, wa Muscat mmoja awe na zake.

Waulizeni pia wanawake. Nani alikuwa anapokea samaki pwani, changu wangapi walibaki nyumbani na wangapi walikwenda mnadani, siku zisizokuwa na kitu mlikula nini. Bibi kama yupo hai ndiye mwenye hesabu hizo, babu alikuwa anarudi amechoka analala.

Nimekumbuka kitu kwa sababu barua yako imetoka Pangani na ya juu imetoka Marangu. Hans Meyer alipofika kileleni na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, huku chini kidogo kwenye kambi ya juu, kwenye ile baridi, alikuwepo mtu wa Pangani anaitwa Mwini Amani, ndiye aliyekuwa anawapikia na kuwatafutia maji na kuni. Mtu wa pwani, joto na minazi, amekaa kule kwenye barafu! Jina lake limebaki kwa sababu mgeni aliliandika, na mgeni aliandika kile mgeni anachokiona, yaani kazi. Nyumbani kwake aliitwa baba nani, alipenda nini, aliporudi Pangani aliwaambia nini watoto kuhusu ile baridi, hayo yalikuwa ya kuandikwa na watu wake. Nyie mna simu.

SWALI: Anti mambo. Mzee wetu alikuwa askari wa wanyamapori, amezunguka vituo vingi sana vya porini mpaka anastaafu. Amefariki, tunaandaa kitabu kidogo cha kumbukumbu na picha. Wakati tunakusanya picha tumegundua kuna mdogo wetu mwingine, ana miaka 19, yupo kituo alichowahi kukaa mzee. Mama anajua siku nyingi kumbe. Wadogo zangu wanasema akiingia kwenye kitabu tunamchafua baba ambaye alikuwa anatupenda kweli. (Kifungua mimba, Dodoma)

JIBU: Poa mwanangu, pole kwa msiba na pole kwa hilo la pili. Aingie.

Kitabu kinabaki miaka mingi kuliko hizo hasira za wadogo zako, na huyo kijana atakuja kukisoma, na watoto wake watakisoma, watajitafuta hawajioni. Baba yenu kuwapenda nyie hakufutwi na hilo. Ameacha mambo yake mengine mazuri ya kuandikwa, usiku wa doria, miezi bila mtandao, barua alizokuwa anatuma na lori la ugavi, hayo yote yanabaki palepale ukurasa wake. Mwanamume wa kazi ya porini na vituo vya mbali kuwa na nyumba ya pili siyo jambo geni nchi hii, na wala sikwambii ni sawa, nakwambia tu kwamba wasomaji wa hicho kitabu hawatazimia.

Ila kuna utaratibu wa kufuata. Kwanza mama aulizwe na wewe mkubwa, mkiwa wawili, na kama amejua siku nyingi basi yeye ndiye atakayekwambia aandikwe vipi. Pili baba mdogo au shangazi, ndugu wa damu wa mzee, awaite watoto wote awaambie, isije ikawa wanajua kwenye kitabu. Tatu huyo kijana mwenyewe aulizwe kama anataka, maana naye ana mama yake. Akikubali, jina lake liingie kwenye orodha ya watoto kwa kufuata umri, mstari mmoja kama wenzake, bila mabano wala maelezo, na mwombeni picha moja aliyopiga na mzee kama anayo. Habari za mirathi msizilete humo, hicho ni kikao kingine na mahakama ya mwanzo ipo.